Niliambiwa "Alamsiki", nikakosa la kujibu. Ni maneno gani ya wema tunayoyabana midomoni?

#1 Dereva wa Tuktuk (mleta uzi)

Assalaam aleikum wadau, na wengine wote habari za saa hizi.

Mimi naendesha tuktuk hapa Mombasa, huu ni mwaka wa saba. Wiki iliyopita, kwenye saa tatu kasoro usiku, nilimpakia bi mkubwa mmoja Majengo, ametoka harusini, nimpeleke Kibokoni. Alikuwa na buibui lake, amepakata bakuli la pilau lililofungwa kwa kitambaa cheupe. Njia nzima hakusema neno, alikuwa akivuta tasbihi. Tulipofika kwenye uchochoro wao, ule ambao tuktuk haiingii, nikazima injini, nikashuka, nikampokea bakuli ili ateremke vizuri. Akanilipa, akachukua bakuli lake, akaniambia, "Alamsiki, mwanangu."

Nikamjibu, "Sawa, mama."

Hakuondoka. Alisimama palepale, mkono mmoja ameshika chuma cha tuktuk, ananitazama kama mtu aliyetoa noti kubwa na bado anangoja chenji yake. Nikadhani nimemzidishia nauli. Nikamuuliza, "Kuna nini, mama?" Akasema, "Alamsiki haijibiwi sawa. Hujibiwa binuru. Mimi nimekuombea Mungu akuweke usiku huu, nawe niombee nuru niingie nayo kwangu. Humo ndani mna kiza."

Nikasema, "Binuru." Akaridhika, akaingia zake uchochoroni, nami nikamwashia taa ya tuktuk mpaka alipokata kona.

Nimezaliwa Mombasa na nimekulia Mombasa. Neno lile nilikuwa nikilisikia utotoni kwa babu yangu, nikijua ni "usiku mwema" ya kizamani tu, imetoka kwenye Kiarabu kama masalkheri na sabalkheri. Sikujua kwamba lina mwenzake. Tangu usiku ule nimekuwa nikitega sikio kwa abiria wangu wanavyosemezana, na nimegundua kwamba maneno yetu ya wema mengi yamekuja mawili mawili. Hodi ina karibu yake. Shikamoo ina marahaba. Ukiambiwa pole, unasema nishapoa. Mmoja hutoa lake akangoja, mwenzake akalimaliza. Siku hizi tunatoa nusu tukaenda zetu. Mtu anakuuliza "Vipi?" ameshakupita, jibu lako linamkuta mgongoni.

Na kuna maneno mengine hata hiyo nusu hatuitoi, tunatoa kinyume chake. Chukueni hili la "umepotea". Hamjaonana miezi sita, neno la kwanza kinywani: "Wee, umepotea sana!" Mwenzio anaanza kujitetea, mara kazi, mara watoto, mara simu iliibwa. Umemsimamisha kizimbani kabla hujamwamkia. Na ukijichunguza, ulichotaka kumwambia ni kwamba ulikuwa na hamu naye. Basi si umwambie, "Nilikuwa nakukumbuka"? "Umepotea" inamdai. "Nilikuwa nakukumbuka" inampa.

Nimelijaribu juzi. Kuna dada mmoja nilikuwa nikimpeleka kazini kila asubuhi, kisha akatoweka. Nikamkuta amesimama Buxton. Ulimi ulikuwa umeshafika kwenye "umepo-", nikaurudisha. Nikamwambia, "Dada, nikipita pale kwenu asubuhi huwa nakukumbuka." Akanyamaza kidogo. Kisha akaniambia kazi iliisha mwezi wa tatu, na kwamba nyumbani kwake bado hawajui, hutoka kila siku kama kawaida akaenda kukaa Mama Ngina kutazama meli. Mpaka tunafika Tudor alikuwa bado anazungumza. Sina hakika angenieleza hayo kama ningemwanza na shtaka.

Basi nauliza, wadau. Ni neno gani la wema ungependa kuambiwa mara nyingi zaidi? Na ni lipi unalo mdomoni, unajua kuna mtu analingoja, na hujalitoa?

#2 Mama Mahamri

Ahsante kwa uzi huu, mwanangu. Mimi naamka saa kumi alfajiri, nakanda unga, naponda iliki, natia tui, ili ikifika saa kumi na mbili watu wapate mahamri na mbaazi za moto kabla ya kwenda kazini. Wengi husema "nipe ya hamsini" wakanyoosha noti huku wanatazama simu. Sina ubaya nao, wana haraka. Lakini yuko mzee mmoja hamali, kila siku akimaliza hurudisha sahani mwenyewe mkononi mwangu na kusema, "Mkono wako mtamu. Mungu auzidishie." Siku ambayo hakuja nilijua kwamba hakuja. Wengine wote sijui nani alikuja na nani hakuja.

Kama umekula kwa mtu ukashiba, mwambie. Hata kama umelipa.

#3 Wa Bara, Bamburi

Mimi ni mtu wa bara, nimekuja kuishi hapa miaka mitano iliyopita. Neno langu ni "lete nikupokee".

Mara ya kwanza kulisikia nilikuwa napanda matatu, mtoto mgongoni, begi bega moja, mfuko wa mboga mkono wa pili. Mama mmoja aliyekwisha kaa akanyoosha mikono: "Lete nikupokee." Nikalibana begi kwapani. Kule nilikokulia, mtu usiyemjua akinyoosha mkono kwenye begi lako unapiga kelele. Yule mama hakukasirika. Akasema, "Basi nipe mtoto, begi kaa nalo." Na kabla sijafikiri nilikuwa nimeshamfungua mtoto, naye ameshampakata, mtoto amelaza kichwa kifuani pake kimya kama aliyemzoea. Alipofika kwake akanirudishia mtoto na kuniambia, "Haya, pokea mwenyewe."

Nimefikiria sana kwa nini lile neno lilinigusa. Nadhani ni kwa sababu hakusema "nikusaidie". Ukiambiwa "nikusaidie" unaanza kujiuliza kama unaonekana umeshindwa, halafu unasema "hapana, niko sawa" na kuendelea kuumia. "Nikupokee" haikuoni dhaifu. Ni kama mlikuwa mnabeba pamoja tangu zamani na sasa zamu yake imefika.

Siku hizi ndiye mimi ninayenyoosha mikono. Nikiona mtu amebana begi lake kwapani, namwelewa kabisa.

#4 Kijana wa Likoni

Kwetu ni "tangulia". Asubuhi pale Ferry watu wakifunguliwa kushuka, kila mtu anataka kuwa wa kwanza kana kwamba Mombasa inahama. Ukimwambia mwenye mkongojo au mama mjamzito "tangulia" na ukasimama kweli, mgongo wako ukizuia wanaosukuma, utaona anavyotembea. Anatembea tofauti.

#5 Mtu wa Kongowea

Mtanisamehe, mimi sikubaliani na uzi huu.

Mwaka jana kibanda changu cha mitumba kiliungua. Siku ile simu yangu ilijaa pole. Usiku nilikosa usingizi nikazihesabu: sitini na nne. "Pole kaka", "pole sana", "Mungu atakufungulia", na vijipicha vya mikono na machozi. Alfajiri nikaenda kuzoa majivu, nikakuta mtu mmoja ameshafika na reki na koleo. Hakusema neno. Tukazoa mpaka saa nne, akanawa mikono kwenye ndoo ya jirani, akaondoka. Huyo mmoja alinifaa kuliko wote sitini na nne.

Maneno matupu hayavunji mfupa. Mnafundishana kusema vizuri, wakati kinachotakikana ni mtu kuja na koleo.

#6 Dereva wa Tuktuk (mleta uzi)

Ndugu yangu wa Kongowea, sitakupa ya sitini na tano kwa njia ile ile. Sibishani nawe. Aliyekuja na koleo alisema zaidi ya wote.

Ila nina swali moja, na niwie radhi kama nimevuka mpaka. Alipokwisha kunawa mikono akaondoka, wewe ulimwambia nini?

#7 Nesi wa Zamu ya Usiku

Nataka kumjibu wa Kongowea kwa upande wa pole, kwa sababu pole ndiyo kazi yangu.

Anachosema ni kweli. Pole ya kutupa haina uzito, na mgonjwa anaijua kabla hujamaliza kuitamka. Lakini nimefanya kazi wodini miaka mingi na nimeona neno likifanya kazi ambayo koleo haliwezi. Tatizo letu ni kwamba tunalipeleka neno kwa mtu mmoja tu, yule aliyelala kitandani.

Kulikuwa na mzee aliyeletwa na kiharusi. Mkewe alikaa kando yake kwenye kiti cha plastiki. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wageni wanakuja saa za kutazama wagonjwa, wanamwinamia mzee, wanamwombea dua, wanamuuliza mke, "Anaendeleaje? Amekula? Daktari amesemaje?" Anajibu yote. Wanaaga. Usiku wa tisa nilipita kubadilisha dripu, nikamkuta amekaa vilevile, miguu imevimba hadi viatu amevivua. Nikamuuliza, "Na wewe je, mama? Umelala lini?"

Alinitazama kama sikumwuliza yeye. Kisha akalia. Alilia kwa muda mrefu, bila sauti, leso mdomoni ili mzee asisikie. Sikumwambia "usilie". Neno hilo naomba mliweke mbali, maana humwambii kwa ajili yake, unamwambia kwa sababu wewe ndiye huwezi kuvumilia. Nilikaa. Nilipoona ametulia nikamwambia, "Kajinyooshe kwenye kile kitanda kitupu. Mimi niko macho mpaka asubuhi, akigeuka nitakuita." Alilala saa tano mfululizo.

Kwa hiyo mimi maneno yangu ni mawili: "Na wewe je?" na "Niko macho". La pili usiliseme kama hutakaa macho.

#8 Ustadh wa Kisauni

Mleta uzi amelisema kwa lugha ya tuktuk jambo ambalo sisi tunalifundisha madrasa. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 86, tumeamrishwa tukiamkiwa tuitikie kwa maamkio yaliyo bora zaidi, au tuyarudishe hayo hayo. Yule bi mkubwa alikuwa akidai haki yake. Na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba neno jema ni sadaka, kwa hiyo asiye na kitu mfukoni naye ana cha kutoa.

Nitaongeza kidogo kwa wenzangu walimu. Siku moja mtoto wa miaka tisa alinirekebisha mbele ya darasa, nilikuwa nimekosea jina la mji. Moyo ulipanda. Nikajizuia, nikasema, "Umesema kweli, ahsante kwa kunifunza." Tangu siku hiyo watoto wale huuliza maswali ambayo zamani walikuwa wakinyamaza nayo. Walikuwa wakiogopa, nami nilikuwa nikiita woga wao adabu.

#9 Muuza Leso

Nimesoma wote. Mimi niko katika biashara ya leso kwa muda mrefu, na ninyi mnazungumzia mali ninayoikunja kila siku.

Leso ni kitambaa kinachosema. Jina lenyewe limetoka kwa Wareno, ni vile vitambaa vya mkononi ambavyo wanawake wa pwani walikuwa wakivishona pamoja. Baadaye ndiyo yakaja majina, yaani maneno yanayoandikwa juu ya leso, zamani kwa herufi za Kiarabu na sasa kwa hizi za Kirumi. Nayo, kama maneno ya mleta uzi, huuzwa mbili mbili, moja ya kujifunga na moja ya kujitanda, au moja ubaki nayo na moja umpe mtu. Watu wengi wanaokuja kwangu hawanunui rangi. Wananunua jina. Msichana anamnunulia mamake "Nani kama mama" kwa sababu hawezi kulitamka mbele yake bila kuona haya. Jirani anamnunulia jirani kijembe, hayo nayo yapo, sitayataja.

Mwezi wa Ramadhani alikuja mwanamume mmoja wa makamo, kanzu safi, akazunguka dukani mara mbili bila kusema anachotaka. Mwishowe akaniuliza kwa sauti ya chini kama nina leso iliyoandikwa "Niwie radhi". Nikatafuta, nikateremsha mzigo mzima. Nilikuwa na za mapenzi, za shukrani, za kumtegemea Mungu. Hiyo sikuwa nayo. Akasikitika kweli. Nikamwambia, "Kaka yangu, chukua hii yenye maua anayoyapenda, na hayo maneno uyaseme mwenyewe." Akasema hajui yataanzaje. Nikamwambia duka halina mtu, ayaseme hapa kwanza.

Akayasema akiangalia meza. "Niwie radhi, mke wangu." Haraka haraka, kama anayesoma bei. Nikamwambia, tena. Akayasema tena. Mara ya tatu akainua uso, akafika kwenye "mke" na sauti ikakatika. Nilifunga leso zake kwenye karatasi polepole ili apate nafasi ya kujipangusa.

Sijui nyumbani ilikwendaje, hakurudi kunieleza. Lakini tangu siku hiyo naona tofauti kati ya "samahani" na "niwie radhi" ambayo sikuwa nikiiona. Samahani siku hizi tunaisema hata tukitaka kupita. Ukisema niwie radhi umemwachia mwenzio uamuzi, na unangoja.

#10 Binti wa Kazi

Mimi nafanya kazi za nyumbani, sitasema mtaa gani. Kila siku naulizwa umefua, umepika, umepiga deki, mtoto umemwogesha. Sio wabaya, mshahara wananilipa kwa wakati.

Siku moja alikuja mamake mwenye nyumba kutoka Lamu. Akaingia jikoni nikiwa naosha vyombo baada ya chakula cha mchana, akaniuliza, "Umekula?" Nikamwambia nitakula. Akavuta kigoda akakaa. Akasema, "Acha hivyo vyombo, havikimbii. Pakua, nakungoja."

Alikaa siku kumi na nne. Kila siku aliniuliza. Alipoondoka nililia kuliko wajukuu zake.

Neno langu ni hilo tu. Umekula?

#11 Mwenye Kigugumizi

Huwa siandiki sana humu, ingawa kuandika ndiko kunakonistarehesha, maana hapa sikwami.

Nina kigugumizi tangu utoto. Mleta uzi ameongea juu ya kungoja jibu, na sidhani kama anajua amegusa wapi. Watu wengi wakiona nimekwama hunimalizia neno. Wanadhani wananifanyia wema. Nikisema "na-na-na-", mtu anarukia "nauli?", "namba?", "Nyali?", na mimi kwa uchovu nakubali lolote ili tuachane. Nimewahi kushushwa kituo ambacho sicho kwa sababu nilikubali neno la mtu mwingine.

Kuna dada wa M-Pesa Mwembe Tayari. Nilikwenda kutoa pesa, foleni ndefu nyuma yangu, kutaja namba nikakwama kwenye "saba". Nyuma wakaanza kuguna. Yule dada akaweka kalamu chini, akanitazama usoni bila kunionea huruma, akasema, "Sina haraka." Kisha akawatazama wa nyuma akasema, "Na nyinyi pia hamna."

Saba ikatoka. Na zote zilizofuata.

Nimehama mtaa, sasa nakaa Changamwe, na maduka ya M-Pesa yako mlangoni kwangu. Bado nakwenda kutolea pesa Mwembe Tayari.

#12 Mama Mahamri

Huyo wa Mwembe Tayari, mwambieni aje kwangu, mahamri yake hayalipiwi.

#13 Mtu wa Kongowea

Mleta uzi, uliniuliza swali nikalikimbia siku tatu. Leo nalijibu.

Sikumwambia kitu.

Yule wa reki ni ndugu yangu, tumbo moja, mimi ndiye mkubwa. Tulikuwa tuna mwaka na zaidi hatusemezani, sababu ya nyumba aliyoacha marehemu baba. Nilimtolea maneno mbele ya mkewe na watoto wake, maneno ambayo sitayaandika hapa. Naye hakunijibu siku ile, aliondoa watoto tu. Aliposikia habari ya moto akaja na reki yake. Tumezoa majivu saa nne nzima, mgongo kwa mgongo, na mimi mdomo wangu haukufunguka. Nilitaka kusema. Nilikuwa nikiogopa kwamba nikianza na moja yatatoka yote, na sikujua yatatoka mazuri au yale yale.

Aliondoka akaisahau reki. Mpaka leo iko kwangu, imesimama nyuma ya mlango. Kila nikifunga mlango usiku naiona.

Nilisema maneno hayavunji mfupa. Yangu yalivunja. Labda ndiyo maana sitaki kusikia kwamba yana nguvu.

#14 Dereva wa Tuktuk (mleta uzi)

Ndugu yangu, nimeisoma hii nikiwa nimeegesha Makadara na nimeacha abiria wawili wapite.

Usianze na nyumba ya mzee. Nyumba ina siku yake na ina watu wake wa kuizungumza. Anza na reki. Mwambie ahsante kwa siku ile, uitaje siku yenyewe, ajue hukuisahau. Kisha mwambie ulikosea, na nyuma ya "nilikosea" usitie "lakini". Ukitia lakini, umechukua kwa mkono wa kushoto ulichotoa kwa wa kulia.

#15 Ustadh wa Kisauni

Na mimi niongeze dogo. Kuna neno "yaishe", zuri sana, watu wengi husuluhishana nalo. Lakini si lako kulisema. Aliyekosa akisema "yaishe" anakuwa amejisamehe mwenyewe. Wewe omba radhi unyamaze. Yaishe ni ya ndugu yako, atakupa akitaka, na asipotaka leo usimsukume.

#16 Nesi wa Zamu ya Usiku

Ukiona kupiga simu ni kuzito, andika. Barua ni nusu ya kuonana. Na ukishaandika usiifute.

#17 Muuza Leso

Sema kwanza peke yako, kwa sauti, mara tatu. Ya tatu ndiyo yenyewe.

#18 Mtu wa Kongowea

Nimempigia jana jioni, hakushika. Nikakaa kitandani nikaandika. Nimefuta mara nyingi kabla ya kutuma, dada nesi, lakini baada ya kutuma sikufuta. Niliandika hivi:

"Ahsante kwa ile siku ya majivu. Nilikukosea mbele ya wanao. Niwie radhi. Reki yako ninayo."

Tiki mbili zikageuka buluu pale pale. Kisha kimya. Nikaswali Isha nikarudi, kimya. Nikaoga, nikaweka simu kifudifudi, nikaigeuza tena. Kimya. Nilikuwa nimeshajiambia kwamba nimefanya langu.

Saa nne na robo akaandika neno moja.

"Umekula?"

Nikamwandikia, bado.

Akaandika, "Leo tumeshafunga mlango. Kesho shemeji yako anapika mbaazi za nazi. Njoo, na reki uje nayo, ua umejaa majani."

Sasa hivi niko ndani ya matatu, tumefika Bamburi. Reki ndefu, nimeibana kati ya magoti, na kila anayepanda inabidi niinyanyue apite.